Akiba ya ubongo uzeeni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Dodoma

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi. Tangu nistaafu, mara mbili kwa wiki nakutana na wazee wa kata yetu chini ya mwarobaini kwa mazoezi mepesi, mazungumzo na bao. Wanaoniuliza maswali haya ni watoto wao zaidi kuliko wazee wenyewe: watu waliohamia mjini kwa kazi ya serikali au biashara, kisha wakawafuata wazazi vijijini na kuwaleta. Nimeyaandika jinsi yanavyonijia.

Hiyo "akiba ya ubongo" ni kitu gani?

Mtu wa Dodoma hahitaji somo refu kuhusu akiba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mwingine zinakatika mtama haujabeba. Ukame hupiga kijiji kizima, lakini nyumba mbili zilizopakana haziumii sawa. Moja ina ghala lenye uwele wa mwaka juzi, nyingine inakula ilichovuna jana.

Ubongo nao uko hivyo. Umri unapokwenda, sehemu zake nyingine husinyaa, mishipa ya damu hukakamaa, na kwa baadhi ya watu hujikusanya protini mbovu zinazoambatana na Alzheimer, ugonjwa unaoondoa kumbukumbu taratibu. Watu wawili wanaweza kuwa na uharibifu uleule kichwani, mmoja akapotea njia ya sokoni na mwenzake akaendelea kutunza hesabu za kikoba bila kukosea. Uwezo huo wa kuhimili uharibifu ndio watafiti wanaouita akiba.

Mwaka 1988, Robert Katzman na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu 137 waliofia katika makao ya wazee. Kumi kati yao walikuwa na dalili za wazi za Alzheimer ndani ya ubongo, ilhali walipokuwa hai akili zao zilifanya kazi vizuri kama za wazee bora kabisa wa makao yale. Ubongo wao ulikuwa mzito kuliko wa wengine. Baadaye Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia aliendeleza wazo hilo kwa kuonyesha kwamba ukubwa wa ubongo pekee hautoshi kueleza jambo hili, na kwamba namna ubongo unavyotumika ina uzito wake. Mimi huwaeleza wazee hivi: korongo likijaa maji, dereva anayejua barabara moja husimama pale mpaka jioni. Anayejua vichochoro hupitia nyuma ya kijiji akafika. Maisha yenye kujifunza, kazi ya kufikiri na watu wa kuzungumza nao huchonga vichochoro.

Kuna pia watawa wa Kikatoliki 678 wa Marekani ambao David Snowdon alianza kuwafuatilia mwaka 1986, nao wakakubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao alifariki akiwa na miaka 101, akiwa bado anajibu majaribio ya kumbukumbu vizuri, lakini ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa na alama nyingi za Alzheimer. Kila nikisimulia habari ya mtawa huyu, kikundi chote hunyamaza.

Bibi yangu hakwenda shule. Basi ghala lake ni tupu?

Hapana, na swali hili naomba nilijibu kwa kirefu, maana linawaumiza wengi.

Ni kweli kwamba elimu ya utotoni ni mojawapo ya vitu vinavyojenga akiba, na tafiti nyingi zinakubaliana hapo. Lakini tafiti hizo nyingi zimefanywa katika nchi ambazo karibu kila mtu alisoma, hivyo miaka ya darasani ndiyo iliyokuwa rahisi kuhesabika. Nani alihesabu kichwa cha mama anayejua ni mbegu ipi ya mtama ivumiliayo jua, mbuzi yupi kazaliwa na yupi, nani anamdai na nani anadaiwa, na yote hayo bila daftari?

Tuanze na lugha. Huko Hyderabad, India, watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa 648 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliozungumza lugha mbili au zaidi walianza kuonyesha dalili wakiwa na umri mkubwa kuliko wa lugha moja, kwa takriban miaka minne na nusu, na tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma kabisa. Si tafiti zote zinazokubaliana kuhusu jambo hili, nami siwezi kumwahidi mtu kwamba lugha mbili ni kinga. Ila angalia wazee wetu: mmoja anatoa salamu ya "mbukwenyi" kwa Kigogo na kupatana bei kwa Kiswahili. Mwingine katoka Kondoa na Kirangi chake, akaoa kwa Wasandawe, akajifunza mpaka zile sauti za kupiga kidoko kwa ulimi. Hiyo ni kazi ya ubongo ya kila siku kwa miaka 60.

Halafu wengi wanaoitwa "hawakusoma" walisoma ukubwani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kwenda kuchimba vyoo. Ukikaa na wazee wa hapa, wapo wanaokumbuka waliandika majina yao kwa mara ya kwanza wakiwa na mtoto mgongoni. Mwaka 2010, Stanislas Dehaene na wenzake walionyesha, kwa kuwapima watu wazima wa Brazili na Ureno, kwamba kujifunza kusoma hubadilisha ubongo hata kwa aliyeanza ukubwani. Kwa hiyo yule bibi wa kisomo cha jioni aliweka kitu ghalani.

Ni uwezo gani hupungua kwa uzee wa kawaida, na upi haupungui?

Kasi hupungua. Jina la mtu huchelewa kuja, kisha huja lenyewe ukiwa unaosha vyombo. Kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja kunakuwa kugumu. Huo ni uzee wa kawaida.

Msamiati haupotei hivyo. Kwa watu wengi huendelea kukua mpaka miaka ya 60 au zaidi. Na katika mambo ya kuishi na watu kuna habari njema. Mwaka 2010, Igor Grossmann na wenzake waliwapa Wamarekani wa rika mbalimbali visa vya ugomvi kati ya watu na makundi, wakawauliza itakuwaje. Wazee ndio waliotazama jambo kutoka pande nyingi, wakatafuta suluhu ya katikati, wakakiri kwamba hawajui kila kitu. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu aliyewahi kukaa kwenye baraza la wazee wakati wa kesi ya mpaka wa shamba.

Kuna pia kinachodhoofika. Kusoma hasira au huzuni kwenye uso wa mtu huwa kugumu kidogo, hivyo usimnunie mama siku tatu ukitegemea atajua umekasirika. Mwambie. Kumshtukia mtu asiyeaminika nako hupungua kwa baadhi, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii" huwanasa wazee waliokuwa wajanja sana wa biashara. Kaa naye mkubaliane kwamba fedha haitumwi kwa simu bila kumpigia kwanza mtu fulani wa nyumbani. Mweleze kwa heshima, kama mnavyopanga jambo la familia, asijione amefanywa mtoto.

Tumemleta mama mjini apumzike. Mbona anasahau kuliko alipokuwa kijijini?

Hili ndilo swali lililonifanya nianze kuandika, kwa sababu lilitokea nyumbani kwetu.

Mama yetu aliishi kijijini wilayani Mpwapwa. Baba alipofariki, tulikubaliana aje kwa kaka anayekaa Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Nyumba nzuri, geti, maji ndani, binti wa kazi, televisheni. Tulimpenda, na kila mmoja wetu alipomwona ameshika ufagio alimwambia, "Mama, kaa tu, umefanya kazi vya kutosha." Kijijini alikuwa akiamua. Ni yeye aliyesema leo tunapanda, mbuzi huyu anauzwa, mke wa fulani na wifi yake waitwe wapatanishwe. Mjini hakuamua hata mboga ya jioni. Baada ya miezi kadhaa akaacha kuuliza leo ni siku gani. Shangazi alipokuja kututembelea alimsalimia, mama akaitikia, kisha akanyamaza mchana kutwa, yeye ambaye maneno yake yalikuwa hayaishi.

Tulimpeleka hospitali kwanza. Hilo lazima lije mwanzo. Presha ilikuwa juu, ikashughulikiwa. Kisha tukamrudishia mamlaka. Alipewa ufunguo wa stoo na fedha ya sokoni. Akawa anakwenda soko la Majengo na mjukuu, yeye ndiye anayechagua na kupatana bei, mjukuu anabeba. Akaanza kumfundisha yule mtoto Kigogo wakichambua kunde. Mlenda ukawa wake: asipopika yeye haupikwi. Sidai kwamba tulimponya. Kumbukumbu ya majina haikurudi kama zamani. Lakini alirudi kuwa mtu anayeulizwa jambo, akawa anajua leo ni Jumatano kwa kuwa Jumatano ndiyo siku yake ya soko.

Watafiti wanauhesabu upweke na kutengwa miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu. Kwetu upweke una sura ambayo hatuitambui: mzee yumo katika nyumba yenye watu wanane na hana mtu wa rika lake, hana kazi, hana neno. Tunamwondolea mzigo kwa upendo, na pamoja na mzigo tunamwondolea sababu ya kufikiri. Niseme wazi, maana nimelitenda mwenyewe: "kaa upumzike" ikisemwa kila siku inamla mzee.

Ukimleta mzazi mjini, siku za kwanza mtafutie mambo matatu: wenzake (kwaya, jumuiya, msikiti, kikundi, hata benchi la jirani), kazi ambayo isipofanywa nyumba itaiona, na jambo la kuamua.

Bao linasaidia kweli, au ni kupoteza muda kijiweni?

Hesabu mwenyewe. Bao la kete lina safu 4 za mashimo 8, kete 64. Mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, ananamua, yaani anaziingiza ubaoni moja moja, na kabla ya kugusa shimo anapaswa kuona kete itaishia wapi, italala au itaendelea, na mwenzake atajibu nini. Anafanya hivyo huku anataniwa na watazamaji sita. Kufikiri, kukumbuka na kuishi na watu, vyote kwa pamoja.

Siwezi kusema bao peke yake limethibitishwa kuzuia ugonjwa. Ninachosema ni kwamba shughuli inayofikirisha, inayofanywa na watu, na inayompendeza mtu kiasi cha kuifuata kwa miguu, ina nafasi kubwa kuliko ile anayolazimishwa. Wanawake wetu wana yao: ngoma ya muheme ina mapigo yanayopishana na nyimbo za kupokezana, na anayepiga lazima asikilize wenzake muda wote. Anayetoka Chamwino anaelewa ninachosema. Vitendawili na wajukuu pia, mradi mzee ndiye anayetega.

Programu za simu za "mazoezi ya ubongo" je? Na vidonge vya kumbukumbu?

Kwa mazoezi, uko utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wazee 2,832. Waliofundishwa kasi ya kutambua vitu, au namna ya kufikiri kwa mantiki, walibaki na faida katika jambo lilelile hata miaka 10 baadaye. Faida ya mafunzo ya kumbukumbu haikudumu kiasi hicho. Kwa sehemu kubwa mtu hupata ubora katika alichokifanyia mazoezi. Afadhali afanye mazoezi ya jambo analolihitaji.

Vidonge na unga wa "kuongeza akili" unaouzwa stendi: okoa fedha yako, nunua samaki na karanga.

Masikio na macho yanahusikaje?

Yanahusika sana, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mzee asiyesikia hujibu kombo, watu wakacheka, naye akaacha kuzungumza. Mwaka unaofuata wanasema amechanganyikiwa. Anza na jambo jepesi: apimwe, masikio yasafishwe nta na mhudumu wa afya, si kwa kijiti nyumbani. Kuhusu vifaa vya kusikia, jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 halikuona tofauti kwa washiriki wote kwa jumla, lakini kwa wazee waliokuwa kwenye hatari zaidi, kushuka kwa uwezo wa akili kulipungua kwa karibu nusu katika miaka mitatu.

Macho ni habari ya mkoa wetu. Trakoma, yaani vikope, imewatesa watu wa Kongwa kiasi kwamba wilaya hiyo imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo mingi. Mtoto wa jicho naye yupo kila kijiji, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Wazee waliofanyiwa upasuaji huo katika utafiti mmoja wa Marekani walipatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 30 kuliko wasiofanyiwa. Huenda kuna sababu nyingine ndani yake, lakini hata bila takwimu, mtu anayeona nyuso za wajukuu ana la kuzungumza nao.

Mbali na hayo, mwili ufanyiwe nini?

Presha na sukari vipimwe hata kama mtu hana dalili. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani vingezuilika au kucheleweshwa. Yamo elimu duni utotoni, kutosikia, kutoona, presha, kisukari, lehemu mbaya, unene, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, sonona, kutengwa, hewa chafu, na kuumia kichwa. Mambo mawili ya mwisho yako mlangoni kwetu: moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilo na dirisha, na bodaboda bila kofia ngumu.

Nina miaka 45. Nimechelewa?

Hapana. Presha ya umri wako ndiyo yenye uzito kuliko unavyodhani, hivyo anza hapo. Na kama umekuwa ukisema utajifunza kitu "mambo yakitulia", jifunze sasa.

Nitajuaje kwamba kusahau huku si uzee wa kawaida?

Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni kawaida. Kushika ufunguo na kutojua ni wa nini, hiyo si kawaida. Mtazame katika kazi alizozizoea: mpishi anayepoteza mpangilio wa kupika ugali, mfanyabiashara asiyeweza tena kurudisha chenji, mtu anayepotea mtaa wake mwenyewe, anayeuliza swali lilelile mara tano ndani ya saa moja, aliyekuwa mpole akawa mkali bila sababu.

Mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka, kiharusi, dawa alizochanganya, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka. Mengi ya hayo yanatibika. Sonona nayo hufanana na kusahau, na inatibika.

Na kuna jambo ambalo akiba inalificha. Mwalimu mstaafu au mhasibu mwenye ghala kubwa anaweza kuficha ugonjwa kwa miaka. Anazungumza vizuri, daktari anampita. Kisha ghala likiisha, njaa inaingia kwa kishindo: tafiti zimeonyesha kwamba wenye akiba kubwa hushuka haraka zaidi baada ya dalili kujitokeza. Ukiona mtu wa namna hiyo amebadilika kidogo tu ukilinganisha na alivyokuwa yeye mwenyewe, usisubiri. Mwenye miaka 60 na kuendelea aulizie dirisha la wazee hospitalini.

Majirani wanasema bibi ana mambo ya kishirikina, anatoka nje usiku na kuzungumza peke yake.

Bibi ni mgonjwa. Kutangatanga usiku, kuona watu wasiokuwapo, kumshuku mwanawe kuwa mwizi, yote ni dalili zinazojulikana. Macho mekundu wanayoyaona kuwa alama ya uchawi ni ya miaka 50 ya moshi wa jiko. Katika baadhi ya sehemu za nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa maneno kama hayo, kwa hiyo usiyachukulie kama umbeya wa kupita. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mchungaji au shehe, umwombe aseme hadharani kwamba ni ugonjwa. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Watu hulitaja jina hilo kwa mzaha na familia zinaona aibu kwenda, na aibu hiyo inawachelewesha wagonjwa.

Mama tayari amegundulika kuwa na ugonjwa. Kuna faida yoyote kumshughulisha?

Ipo. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa huu kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Baadaye huko Hai ikajaribiwa tiba ya vikundi iliyoanzia Uingereza, ya vikao 14 katika wiki 7, ikarekebishwa ili imfae hata asiyejua kusoma. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha uwezo wa akili umepata nafuu na wasiwasi umepungua.

Unaweza kufuata mtindo huo nyumbani. Msimtahini. Usimuulize "mimi ni nani?" mbele ya wageni. Mpe kitu mkononi: kibuyu, tawi la mlenda, ungo, gazeti la zamani lenye picha ya Mwalimu. Muulize anaonaje, maana maoni hayana jibu la kukosea. Anza kila mara kwa wimbo uleule. Katika kikundi chetu yuko mama ambaye hakumbuki tena majina ya wanawe, lakini akipewa uwele kwenye ungo anaupepeta, anatenga chenga upande mmoja, na mwenzake akipepeta vibaya anamnyang'anya ungo na kumwonyesha.